Jaji hakupigiwa kura, anamkataliaje aliyepigiwa? Maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinagonga sehemu moja, mahakama na wenye wingi. Nimechukua sita, zilizofanana nimeziunganisha, majina nimeyaacha nikaweka mji tu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naendesha bodaboda hapa Morogoro, kijiweni tunabishana hii kitu kila siku. Mbunge nimempigia kura, rais nimempigia kura. Jaji sijawahi kumwona kwenye karatasi ya kura hata siku moja. Sasa inakuwaje majaji watatu wakae waseme sheria iliyopitishwa na bunge zima ni batili? Hapo demokrasia iko wapi? (Morogoro)

JIBU: Marahaba kijana wangu. Swali lako ndo shina la mengine yote yanayofuata, kwa hiyo nitakujibu taratibu na nitaanza na kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Kikoba chetu tuna sanduku la bati lenye makufuli matatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti, hakuna mwenyekiti hapo wala mweka hazina, na kila mmoja anaondoka na ufunguo wake kwenda kwake. Katiba yetu ni kidaftari cha kurasa nane tulichochapisha stationari, na imeandika kwamba hela ya mfuko wa jamii ni ya ugonjwa na msiba tu, ukitaka kubadilisha hicho kipengele lazima uitishwe mkutano mkuu na watu wapewe taarifa wiki mbili kabla. Basi kikao kimoja cha kawaida tu likaja wazo, kuna mchele Ifakara bei iko chini, tuchukue hela ya mfuko wa jamii tununue, tuuze, turudishe na faida. Tuko 28, mikono ikanyooshwa 19, na wangu ulikuwemo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Mama mmoja muuza maandazi, ndo mshika ufunguo wa tatu, akasema hafungui. Akasema nyie ni wengi sawa, ila huu ufunguo hamkunipa ili nifungue mkiwa wengi, mlinipa ili nisifungue mpaka utaratibu ufuatwe. Alisemwa sana siku ile, tena na watu anaowauzia maandazi kila asubuhi, na yeye katulia kimya na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Tukarudi nyumbani, mchele hatukununua.

Sasa angalia alichofanya na ambacho hakufanya. Hakutupangia biashara, hakusema mchele ni mbaya, hakuchukua kiti cha mwenyekiti. Alisema tu hiki mnachotaka kina njia yake na njia yake ni hii hapa, mkiipitia nafungua. Mahakama inayolinda katiba kazi yake ni hiyo hiyo. Wingi wa leo una haki ya kutawala, kupanga bajeti, kupandisha kodi, kujenga reli, hata kukosea. Kitu ambacho wingi wa leo hauna haki nacho ni kugeuza zile kanuni ambazo kwazo watu wengine kesho wanaweza kuwa wengi, au kumvua mtu mmoja haki yake kwa sababu yuko peke yake.

Na wingi wenyewe unahama, hili tulisahau haraka sana hapa kwetu. Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991 ilizunguka nchi nzima kuuliza watu wanataka chama kimoja au vingi, na karibu asilimia 80 wakasema chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 tu walitaka vingi. Tume ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na 1992 vikaruhusiwa. Ingehesabiwa mikono tu kama sisi kwenye kikoba, leo wewe na wenzako kijiweni msingekuwa na vyama vya kubishania.

Ila kuna mahali hoja yako ina nguvu na siwezi kuikwepa. Wakenya katiba yao ya 2010 waliipigia kura ya maoni, karibu theluthi mbili wakasema ndiyo, kwa hiyo jaji wa Nairobi akimwambia mbunge hapana anaweza kusema natumia neno la wananchi wenyewe walilolipigia kura. Sisi katiba yetu ya 1977 haijawahi kupigiwa kura na wananchi, ilipitishwa na Bunge Maalumu, na ile Katiba Inayopendekezwa ya 2014 kura ya maoni haikufika. Jaji wetu anasimama kwenye sakafu nyembamba zaidi, na naamini hiyo ni sababu mojawapo inayofanya sauti yake iwe ndogo mbele ya wenye wingi.

SWALI: Habari mwalimu. Huku Kenya 2017 watu zaidi ya milioni nane tulimpigia Uhuru kura, mimi nilikuwa kwa laini tangu saa kumi alfajiri. Halafu majaji wanne wakafuta kila kitu. Mpaka leo naona ni kama walinidharau mimi kama mwananchi. Nieleze bila kuegemea upande. (Eldoret)

JIBU: Ndugu yangu, uchungu wa mtu aliyesimama kwenye foleni gizani halafu akaambiwa rudi tena naujua ni uchungu halali kabisa. Lakini ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 1 Septemba 2017 haikusema wewe ulikosea. Vituo vilikuwa 40,883, na kila kituo kinajaza fomu ya 34A mbele ya mawakala, hiyo ndo karatasi inayobeba kura yako kutoka darasani kwenye shule ya msingi mpaka Nairobi. Mahakama ikakuta tume ya uchaguzi imetangaza mshindi wakati fomu za 34A bado hazijafika zote, ikaamuru sava, zile kompyuta kubwa za tume, zifunguliwe ziangaliwe, tume haikufungua ilivyoamriwa. Majaji wakasema uchaguzi si siku ya kupiga kura peke yake, ni safari nzima kuanzia kuandikisha mpaka kutangaza, na safari ikiharibika njiani huwezi kuapa kwamba mzigo uliofika ndo ule uliopakiwa.

Kuna majaji wawili walikataa, Jaji Ojwang na Jaji Njoki Ndung'u, na hoja yao inafanana sana na ya kwako, kwamba kura za mamilioni zisitupwe kwa makosa ya makaratasi kama haijathibitishwa kwamba makosa hayo yalibadilisha mshindi. Ni hoja nzito. Mimi binafsi naegemea kwa wale wanne, kwa sababu tume iliyoficha sava ndiyo iliyofanya uthibitisho usiwezekane, na ukimruhusu anayeficha afaidike na alichoficha basi kila uchaguzi ujao ataficha zaidi.

Halafu ona kilichofuata, maana hapo ndo somo lilipo. Katiba yenu ibara ya 140 inatoa siku 7 za kufungua kesi, siku 14 za kuamua, siku 60 za kurudia. Rais alitoka kwenye televisheni siku ile ile akasema hakubaliani na uamuzi ila anauheshimu, hapo alifanya kitu kikubwa sana ambacho marais wengi Afrika hawajawahi kufanya. Halafu akaenda soko la Burma akawaita majaji wakora, na akasema suala la mahakama atalirudia. Uchaguzi ukarudiwa 26 Oktoba. Siku mbili kabla yake, dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu akapigwa risasi barabarani, na kesho yake kulikuwa na kesi ya kuomba uchaguzi uahirishwe, wakatokea majaji wawili tu, Jaji Mkuu Maraga na Jaji Lenaola, na wanatakiwa watano. Nilikuwa naangalia laivu. Jaji Mkuu amesimama mbele ya viti vitupu anaeleza kwamba akidi haijatimia, mmoja anaumwa, mwingine yuko nje ya jiji na hakupata ndege, wengine hawakuweza kufika. Sitaki kumsemea mtu sababu zake, lakini vile viti vitupu vimenikaa kichwani kuliko hukumu yenyewe. Mahakama haina jeshi, haina hela yake. Ina viti na watu wanaokuja kuvikalia.

Na hilo la kulirudia suala la mahakama lilitokea kweli. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41, rais akakaa na majina mpaka Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha sita (mmoja alikuwa ameshafariki), miongoni mwao Joel Ngugi na George Odunga, ambao walikuwa kwenye lile jopo lililozuia BBI, ule mpango wa kubadili katiba ya Kenya, mwezi mmoja tu kabla. Wale sita waliapishwa Septemba 2022 baada ya Ruto kuingia. Ungedhani basi serikali mpya na mahakama ni marafiki, maana Mahakama ya Juu ilikuwa imethibitisha ushindi wake majaji wote saba. Haikupita muda, Novemba 2023 Mahakama Kuu ikafuta ile tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, na Januari 2024 ni Ruto huyo huyo anawalaumu majaji hadharani. Yaani ukitaka kujua mtu anaiheshimu mahakama au la, usimsikilize siku aliyoshinda kesi.

Lakini hiyo tozo ni mfano ninaoupenda, kwa sababu mahakama ilisema mmewatoza wenye ajira rasmi peke yao na hamkuweka msingi wa kisheria wa kutosha. Bunge likarudi mezani, likatunga sheria mpya Machi 2024 ikawagusa na wasio na ajira rasmi. Unaweza usiipende tozo, mi nimeshasikia Wakenya wanavyoilalamikia, lakini wingi ulipata ulichotaka baada ya kupita mlangoni badala ya dirishani.

SWALI: Majaji wanateuliwa na rais. Sasa mtu amkatalie vipi bosi aliyemteua? Naona ni maigizo tu. (Iringa)

JIBU: Si maigizo, ila ni rahisi kuharibika, hapo nakubali. Angalia Malawi. Uchaguzi wa 21 Mei 2019 karatasi za matokeo zilikuja zimepakwa Tipp-Ex, ile rangi nyeupe ya kufutia, namba zimeandikwa juu yake. Majaji watano wakasikiliza kesi miezi mingi, na tarehe 3 Februari 2020 walipokwenda kusoma hukumu pale Lilongwe walipelekwa kwa gari la jeshi wamevaa fulana za kuzuia risasi. Wakafuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Juni ikakaribia siku ya kurudia, serikali ikatangaza Jaji Mkuu Andrew Nyirenda aende likizo ya kusubiri kustaafu wakati muda wake haujafika, mawakili wakaingia barabarani kuandamana na majoho yao, mpango ukasimama. Uchaguzi ulirudiwa 23 Juni 2020, upinzani ukashinda.

Kinachomsaidia jaji kumkatalia aliyemteua ni kwamba akishateuliwa hawezi kufukuzwa kirahisi, mshahara wake haupunguzwi, na anajua watu wa nje watamlinda. Ukitoa hata kimoja anaanza kuangalia nyuma kabla ya kuandika. Ndo maana wenye wingi wajanja siku hizi hawafungi mahakama. Poland baada ya 2015 rais alikataa kuwaapisha majaji watatu waliochaguliwa na bunge lililopita, akawaapisha wengine waliochaguliwa na bunge jipya, na hukumu ya Machi 2016 serikali ilikataa tu kuichapisha kwenye gazeti la serikali. Haikuchoma jengo, haikumkamata mtu. Ilizima mashine ya kuchapisha.

SWALI: Mwalimu mimi nataka kugombea udiwani kata yangu hapa Mwanza, sina chama na sitaki chama, watu wananijua kwa kazi zangu za maji na shule. Kuna mzee ameniambia mahakama iliruhusu mgombea binafsi zamani sana. Ni kweli? Nichukue fomu? (Mwanza)

JIBU: Ni kweli, na bado huwezi kuchukua fomu. Kaa nikueleze maana hii ndo kesi ambayo kila Mtanzania anayetaka kujua mahakama na wenye wingi wanavyoishi pamoja inabidi aijue, na inaniuma kila nikiielezea.

Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka, katiba inasema kila raia ana haki ya kushiriki kwenye utawala wa nchi, na inasema hakuna wa kulazimishwa kujiunga na chama, sasa mbona nikitaka kugombea mnanilazimisha kuwa na chama? Jaji Kahwa Lugakingira tarehe 24 Oktoba 1994 akakubali, mgombea binafsi ruksa. Hukumu ile ukiisoma leo bado ina moto.

Lakini kumbe muswada wa kubadili katiba ulishachapishwa siku chache kabla hukumu haijasomwa, kesi ikiwa bado mikononi mwa jaji. Bunge likaupitisha, Sheria namba 34 ya 1994, na ile ibara ya 21 ya haki ya kushiriki ikaandikwa upya kwamba haki hiyo inakwenda kwa kufuata masharti ya ibara zingine, na hizo zingine ndizo zinazosema lazima mgombea apendekezwe na chama. Yaani serikali haikukaidi hukumu waziwazi. Iliondoa ardhi chini ya hukumu, ikabaki inaning'inia. Na wakati ule hata Mwalimu Nyerere, mtu aliyetulea kwenye chama kimoja, alipinga hadharani raia kunyimwa haki hii.

Mtikila hakuchoka. Akarudi Mahakama Kuu mwaka 2005, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu, Manento, Massati na Mihayo, wakasema tena, hata hayo mabadiliko yanaua haki ya msingi, mgombea binafsi aruhusiwe. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikasema hili ni suala la kisiasa, mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara iliyomo ndani ya katiba yenyewe, liachiwe Bunge liamue.

Nimeisoma ile hukumu zaidi ya mara moja nikitafuta kuielewa na naielewa. Majaji waliogopa kuwa watunga katiba, na hofu hiyo ni ya heshima. Lakini ukimwambia mtu asiye na chama aende akaombe haki yake kwa Bunge ambalo kila mbunge ameingia kwa tiketi ya chama, umempeleka kwa nani? Hao ndo hasa wenye faida yeye asigombee. Kwangu mimi, mahali ambapo wenye wingi wanaamua nani aruhusiwe kushindana nao, hapo ndo jaji anatakiwa akaze zaidi. Kwenye mambo ya bajeti na barabara alegeze, mlangoni akaze.

Mtikila, safari hii pamoja na Chama cha Mawakili Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 akashinda, mahakama ikasema Tanzania imevunja haki na irekebishe. Haikurekebishwa. Mchungaji alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, hajawahi kuona jina la mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura. Na Novemba 2019 nchi yetu ikaondoa lile tamko lililokuwa linamruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye hiyo mahakama ya Arusha, kwa hiyo leo wewe ukitaka kufuata njia yake mlango huo nao umefungwa.

Hesabu mwenyewe. Mara tatu alishinda, 1994, 2006, 2013, na kura ya wenye wingi moja ya 1994 ikawa na nguvu kuliko zote. Kwa hiyo dada au kaka wa Mwanza, ukitaka udiwani sasa hivi inabidi utafute chama, na nakushauri utafute hata kidogo ambacho hakitakuingilia kwenye kazi zako za maji. Ila usiache kuliongea hili kwenye kila mkutano utakaopewa maiki.

SWALI: Nasoma sheria mwaka wa pili Dodoma. Darasani tumegawanyika. Je, bunge likiwa na theluthi mbili linaweza kubadili chochote kwenye katiba, hata likitaka kufuta uchaguzi? Nani wa kulizuia? (Dodoma)

JIBU: Mwanangu hapo umeshika mwiba. Ibara yetu ya 98 inasema mambo mengi ni theluthi mbili ya wabunge, na machache yaliyotajwa yanataka theluthi mbili za Bara na theluthi mbili za Zanzibar kila upande. Kura ya wananchi haimo. Na chama tawala mara nyingi kimekuwa na theluthi mbili peke yake, kwa hiyo kufuli la 98 limekuwa na ufunguo mmoja na anaushika huyo huyo anayetaka kufungua.

India ndo walipambana na hili mapema. Tarehe 24 Aprili 1973 kwenye kesi ya Kesavananda Bharati, majaji 13, saba dhidi ya sita, walisema bunge linaweza kurekebisha katiba ila haliwezi kubomoa nguzo zake. Ukirekebisha nyumba unaweza kuhamisha dirisha, kuongeza chumba, ila ukishatoa msingi hiyo si nyumba uliyopewa kurekebisha. Serikali ya Indira Gandhi ikakasirika ikaruka majaji watatu wakubwa ikamteua wa nne kuwa Jaji Mkuu. Mwaka 1975 mahakama ya Allahabad ikafuta ubunge wake, akatangaza hali ya hatari, bunge likabadili katiba ili uchaguzi wa waziri mkuu usiguswe na mahakama, na Novemba mwaka huo huo, ndani ya hali ya hatari, majaji wakakifuta kipengele hicho kwa kutumia ile ile hoja ya nguzo. Lakini soma na upande wa pili, mahakama hiyo hiyo 1976 ilikubali watu wawekwe ndani bila kufikishwa mahakamani, akakataa mmoja tu, Jaji Khanna, na ujaji mkuu uliokuwa zamu yake akaukosa. Waliomwondoa Indira mwaka 1977 ni wapiga kura.

Kenya kwenye BBI Mahakama Kuu Mei 2021 na Rufaa Agosti 2021 walikubali hoja ya nguzo. Ule muswada ulishapita mabunge ya kaunti zaidi ya 40, umepita Bunge la Taifa na Seneti, rais na kiongozi wa upinzani wako pamoja, yaani wingi wa kila aina. Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022 ikasema hoja ya nguzo hatuihitaji kwa sababu katiba yenyewe imeshaweka njia ngumu ya kuibadili, lakini rais hawezi kuanzisha mpango ulioitwa wa wananchi. Njia ya wananchi ni ya wananchi. Mi nadhani walipatia. Ukiwa na kura ya maoni ndani ya katiba jaji hana haja ya kujitwika mzigo wote. Shida ni nchi kama yetu ambayo hiyo kura haimo na hoja ya nguzo nayo imekataliwa na Mahakama ya Rufani 2010. Kwa hiyo jibu la swali lako la nani wa kulizuia, kisheria kwa hapa kwetu ni karibu hakuna, na huo ndo mjadala mnatakiwa mpeleke darasani wiki ijayo.

SWALI: Samahani mwalimu, langu si la siasa. Niko Handeni, mume wangu alifariki. Binti yangu ana miaka 15 yuko form two. Shemeji zangu wameshaongea na mtu wanataka aolewe, wanasema sheria inaruhusu miaka 15. Redioni nilisikia mahakama ilikataa. Kipi ni kweli? (Handeni)

JIBU: Mama yangu, pole sana, na swali lako nimeliweka mwisho ili nilijibu kwa nafasi. Vyote viwili ni kweli na hapo ndo tatizo lilipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 13 kinaruhusu msichana wa miaka 15, mvulana 18. Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, Mahakama Kuu tarehe 8 Julai 2016 ikasema kifungu cha 13 na cha 17 ni kinyume cha katiba, serikali irekebishe ndani ya mwaka mmoja iwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikatalia. Mwaka ukaisha bila Bunge kurekebisha. Kwa hiyo mashemeji wanakusomea kitabu ambacho mahakama imeshasema hakifai na Bunge halijakifuta.

Sasa nikupe vitu vya kushika mkononi. Kwanza hata kwa sheria hiyo hiyo ya zamani, binti chini ya miaka 18 haolewi bila ridhaa ya baba, na baba akiwa amefariki ridhaa ni ya mama. Ni yako wewe, shemeji hana. Ukisema hapana, kwa kifungu cha 17 hakuna ridhaa. Pili binti ni mwanafunzi, na Sheria ya Elimu ilibadilishwa mwaka 2016, kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa la jinai, kifungo chake miaka 30, na hilo mwambie huyo mwanaume mwenyewe, usipitie kwa shemeji. Tatu usipokee kitu chochote, hata kanga, hata sukari. Nenda kwa mkuu wa shule kesho asubuhi umwambie, nenda dawati la jinsia kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, na kama unaogopa kuonekana ukienda, piga 116, ni bure haikati salio.

Usimwache binti alale kwa ndugu wa baba kipindi cha likizo. Na shule zikifunguliwa Januari niandikie mama, nataka kujua kama ameingia form three.